Jina Juu ya Uso

Mjini Kasongo, mtu akisema anakwenda kwa Mama Foto, hakuna anayemuuliza ni wapi. Ni kile chumba cha matofali nyuma ya soko, chenye pazia la bluu ukutani na kiti kimoja cha plastiki, ambamo Mounira binti Souleymane amekuwa akipiga watu picha kwa miaka kumi na saba. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee Souleymane alipiga picha tangu enzi za filamu, na alipofariki alimwachia binti yake ujuzi tu, kwa sababu kamera zake zilikuwa zimeshakufa kabla yake. Mounira akaanza upya na kamera ya dijitali, na kidogo kidogo akawa ndiye anayeitwa kwenye kila ndoa ya Waislamu wa mjini na kila ubatizo wa Wakristo wa pembezoni.

Kila mwaka shule zikifunga, alipanda pikipiki kwenda Kabambare, siku mbili za tope au vumbi, kuwapiga wanafunzi picha. Kule hakukuwa na mpiga picha. Wazazi walikuja na watoto wao hata kutoka vijiji vya upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, watoto wamepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Mounira alikuwa na mtindo wake na hakuubadilisha: mtoto mmoja peke yake, amesimama katikati kabisa, nyuma yake ukuta mtupu. Alisema mtoto asije akawa mgeni ndani ya picha yake mwenyewe.

Sasa, mwaka jana, mteja mmoja alimwonyesha kwenye simu ukurasa wa mpiga picha wa mji mwingine. Mounira akaona harusi ya Fadhili na Hidaya, ile aliyoipiga yeye, picha kumi na moja, na chini yake watu wakimsifu huyo bwana kwa mkono wake mzuri. Alimwandikia kwa adabu, akamwambia kwamba picha zile ni zake. Jibu lilikuja siku ya pili, mstari mmoja tu: kama ni zako, mbona hazina jina?

Mstari ule ulimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Alikula nao na akalala nao. Siku ya tatu alivuka barabara akaingia kwa Dady, mtengenezaji wa simu na kompyuta ambaye duka lake lilikuwa mkabala na studio. Dady alikuwa mtu wa watu, mwana wa wakulima wa Kizimba, asiyejua kukataa. Alimsikiliza, akacheka kidogo, akamwambia dawa ipo. Kuna programu inayogonga nembo juu ya picha nyingi kwa mara moja. Unaichagulia folda nzima, unaiwekea nembo yako, unaamua ikae wapi na iwe nzito kiasi gani, kisha unabonyeza. Ziwe mia au elfu kumi, kwake ni mamoja.

Dady mwenyewe ndiye aliyemchorea ile nembo: FOTO MOUNIRA – KASONGO, na chini yake namba ya simu. Alimshauri aiweke pembeni chini, iwe hafifu, isisumbue macho. Mounira akakataa. Mwizi hukata pembe ya picha kwa kidole kimoja, alisema. Akataka nembo ikae katikati, pana, nyeupe, isiyofutika.

Programu iliuliza swali moja kabla ya kuanza: picha zenye nembo zihifadhiwe kando, au zichukue nafasi ya zile za kwanza? Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa. Dady alimwomba asubiri. Kulikuwa na mfanyabiashara anayerudi kutoka Bukavu juma lile, angemwagiza diski nyingine.

"Usiguse zile za kwanza mbele ya kuweka kopi, Mama," alimwambia. "Ikishaandika juu, imeandika."

Mounira aliitikia. Dady akarudi dukani kwake. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama wima, paneli za sola zimeshiba, na yeye amekaa mbele ya mashine na hasira yake. Wazee walishasema hasira hasara, na maneno hayo alikuwa akiwaambia wengine mara kwa mara. Akabonyeza pale palipoandikwa "badilisha".

Akajimiminia chai, akakaa kutazama. Picha zilipita moja baada ya nyingine, maharusi, mahujaji, vikongwe, vitoto vya siku arobaini, na kila mmoja akatoka upande wa pili na jina la Mounira kifuani au usoni. Picha elfu saba mia tatu na kumi na mbili. Alasiri ilipoingia kazi ilikuwa imekwisha, akaenda kuswali akiwa na moyo mwepesi. Tangu asubuhi ile ya mstari mmoja hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo.

Dady alipojua, hakumlaumu. Aliuliza tu kama kadi za kamera bado zina zile za zamani. Hazikuwa nazo. Kadi Mounira alikuwa nazo mbili tu, na kila zilipojaa alizifuta akaanza tena. Wateja wawili waliorudi kutaka kopi walinung'unika. Aliwapiga upya bila malipo, yakaisha. Diski kutoka Bukavu ilifika, ikakaa ndani ya boksi lake.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwanamke mmoja alisimama mlangoni pa studio kabla Mounira hajamaliza kufagia. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kitenge chake kilikuwa na tope kavu hadi kiunoni. Hakuomba kukaa. Alitaja jina lake, Sidonie, akasema anatoka upande wa Salamabila, amekuja kwa siku tano, siku tatu kwa miguu na mbili juu ya pikipiki ya msamaria. Akauliza kama yeye ndiye Mama Foto aliyekwenda Kabambare mwaka juzi shule zilipofunga.

Mounira alimkalisha kwenye kile kiti cha plastiki, akampa maji, na Sidonie akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao asubuhi moja, watu wakiwa mashambani. Wa mashambani walikimbilia msitu wa upande huu, wa majumbani wakakimbilia upande ule. Yeye alikuwa shambani. Binti yake, Esther-Divine, mwenye miaka kumi, alikuwa nyumbani akitwanga. Nyumba zilichomwa. Walipothubutu kurudi siku ya tatu, waliwazika waliowakuta, na Esther hakuwa miongoni mwao. Mtu mmoja alisema alimwona akikimbia na watoto wengine. Tangu hapo, kimya.

Alikuwa amezunguka kila mahali walipojaa wakimbizi. Kila alipofika aliulizwa kitu kimoja: una foto yake? Watoto waliopotea walikuwa wengi, na wenye jina la Esther hawakuwa wachache. Wengine wadogo walikuwa wamesahau hata majina yao kwa hofu. Foto ile moja aliyokuwa nayo ilikuwa ukutani pa nyumba iliyoungua.

"Nikakumbuka weye," alisema Sidonie. "Nikasema, yule mama wa Kasongo, kwake mutoto wangu bado iko."

Mounira aliwasha kompyuta. Alijua anachokwenda kukiona, na bado alijidanganya kwamba pengine mtoto huyu alisimama chini kidogo au juu kidogo. Aliifungua folda ya Kabambare ya mwaka ule. Watoto mia mbili na kitu, wote katikati, wote wamesimama alipowasimamisha yeye. Sidonie alisogea, akaanza kuwapitia kwa macho, na ghafla akaweka kidole kwenye kioo. Alimtambua kwa gauni la manjano na kwa jinsi alivyoshika mikono nyuma.

Mounira aliikuza picha. Gauni lilionekana, magoti yalionekana, shingo ilionekana, na kipande cha nywele zilizosukwa. Kuanzia kidevu hadi paji la uso kulikuwa na herufi nyeupe: FOTO MOUNIRA. Namba ya simu ilipita juu ya mdomo.

Sidonie aliangalia kwa muda mrefu. Alidhani ni kitu kinachoweza kupanguswa. Alichukua ncha ya kitenge chake, akasugua kioo taratibu.

"Mama Foto," akasema, "mbona mumemuandika mutoto juu ya uso?"

Hapo Mounira alimweleza yote, habari ya mwizi, ya nembo na ya diski. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi, mpaka akaona aibu kuendelea, akaacha katikati. Sidonie hakukasirika. Pengine angekasirika ingekuwa nafuu. Alirudi kwenye kiti, akaanza kuvua viatu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari na kukuta hapana kitu.

Mounira alimpeleka nyumbani kwake, akampa chumba cha uani, kisha akatafuta kama kichaa. Dady alijaribu programu zote alizozijua za kufufua mafaili yaliyofutwa. Lakini haya hayakufutwa, yaliandikwa juu yake, na chini yake hapakuwa na kitu. Mounira akawapigia walimu wa Kabambare. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa, walimu wametawanyika. Mwishoni akafungua ukurasa wa yule mwizi. Akaupitia wote, miaka minne nyuma, picha baada ya picha, akimwomba Mungu amkute Esther humo, amkute safi, na jina la mwizi likae chini yake apendavyo. Akamwandikia pia, akimsihi aangalie katika kompyuta yake kama aliwahi kuchukua picha za watoto wa Kabambare. Yule bwana, kwa mara ya kwanza, alijibu kama binadamu. Alisema amesikitika sana, lakini yeye alichukua harusi tu. Watoto wa vijijini hawakumletea wateja.

Ikabaki njia moja. Dady alikuwa na rafiki Bukavu anayetumia zile mashine mpya za akili bandia, zinazofuta maandishi juu ya picha na kujaza palipofutwa. Akamtumia. Kesho yake picha ikarudi, na Dady akavuka barabara mbiombio, simu mkononi, uso umefunguka. Herufi hazikuwepo tena. Katika gauni lile la manjano alisimama msichana mwenye macho makubwa yaliyolingana, pua nyembamba na tabasamu dogo. Hata Mounira, aliyemsimamisha mtoto yule kwa mikono yake mwaka juzi, aliamini. Alikuwa amewapiga watoto wengi mno kumkumbuka mmoja.

Wakampelekea Sidonie, aliyekuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alifuta mikono, akaipokea simu kwa mikono miwili. Alitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Iko muzuri," alisema. Kisha akairudisha. "Lakini haiko Esther. Esther jicho la kushoto linalala kidogo, tangu kuzaliwa. Na mudomo wake iko munene kama wa babu yake. Huyu simujui."

Dady alieleza kwamba mashine haikuona uso uliofunikwa na herufi. Ilibuni tu mmoja unaofaa. Alieleza akitazama ardhi, kwa sababu kuna jambo lingine alilopaswa kulisema. Kwa furaha yake, kabla hata ya kuvuka barabara, alikuwa ameshaituma picha ile kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo, Kasongo, Kabambare, Salamabila hadi Kindu, pamoja na jina la mtoto, jina la mama na namba ya studio. Alituma tena ujumbe wa kusema picha si sahihi. Lakini ujumbe una maneno, na picha ina uso, na watu walisambaza uso.

Siku ya tisa simu ililia. Mwanamke aliyejiita Mama Julienne, wa Kabambare, alisema anawatunza watoto kumi na wanne waliopotezana na wazazi, katika ua wa kanisa. Miongoni mwao yumo yule wa kwenye picha, na ameulizwa, naye amekubali kwamba ni yeye.

Mounira alimwambia kwamba uso ule umetungwa na mashine. Mama Julienne akasema yeye hajui mambo ya mashine, ila mtoto yuko mbele yake sasa hivi, na ni huyo huyo.

Mounira hakutaka kumwambia Sidonie, na hakuweza kutomwambia. Sidonie alisikiliza, akauliza habari za jicho. Mama Julienne aliulizwa, akasema mtoto alikuwa na macho mabovu alipofika, yamevimba, sasa yamepona, hakumbuki lipi lilikuwaje. Hilo lilitosha. Mtu anayezama hachagui unyasi wa kushika. Asubuhi iliyofuata wakakodi pikipiki mbili na kuondoka.

Njia ilikuwa mbaya kuliko Mounira alivyowahi kuiona. Mvua ilikuwa imekula madaraja mawili ya miti, wakavuka kwa miguu, pikipiki zikibebwa mabegani na vijana wa kijiji. Kila walipokuta kundi la wakimbizi kando ya njia, Sidonie alishuka, akapita kutazama uso wa kila mtoto, akapanda tena. Walilala kwa mwalimu mmoja wa dini njiani. Jioni ya siku ya pili wakaingia Kabambare.

Mama Julienne alikuwa amewasubiri. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na alikuwa amemwogesha mtoto, akamsuka, akamvika gauni la kuazima. Msichana alikaa juu ya benchi, mikono magotini. Mounira alimwona, akashika ukuta. Macho makubwa yaliyolingana, pua nyembamba. Uso ule uliotungwa Bukavu ulikuwa umekaa hapa, unapumua.

Sidonie alisimama hatua tatu mbele yake. Alijua tangu mlangoni. Mounira aliliona hilo kwenye mabega yake. Lakini mtoto alikuwa ameshainuka.

"Mama," msichana akasema.

Sidonie alipiga magoti, akamshika viganja, akamuuliza jina lake la kweli, polepole, kwa Kibangubangu kisha kwa Kiswahili. Mtoto alimtazama Mama Julienne kwanza, kama anayeomba ruhusa. Akasema anaitwa Laura. Kijiji chake alikitaja, kilikuwa mbali, upande mwingine kabisa. Alipoonyeshwa ile foto kwenye simu, alisema, aliona ni yeye. Hakuwahi kupigwa foto maishani mwake, hakujua kama yuko hivyo. Gauni hakulikumbuka, lakini walimwambia mama yake anamtafuta, basi akakubali.

Baadaye watoto walipokwenda kula, Mama Julienne alimvuta Sidonie kando. Alisema kwa heshima kwamba mtoto huyu hakuna aliyewahi kuuliza habari zake, na tangu aonyeshwe ile foto alikuwa akikaa mlangoni kutwa akingoja. Kama Mungu amewakutanisha, je, haiwezekani wakaondoka pamoja?

Sidonie alifikiri. Mounira alimwona akimtazama yule mtoto kule kwenye sahani, na kwa muda mfupi alidhani atakubali, hata akaanza kupanga moyoni jinsi watakavyokaa kwake Kasongo wote wawili.

"Nikimubeba huyu," Sidonie akasema, "nitakuwa nimemuzika wangu. Bado sijamuzika."

Hakuna aliyemlaumu. Alikwenda akakaa na Laura kwenye benchi, akamsuka upya nywele zilizokuwa zimesukwa vizuri tayari, akamweleza kwa sauti ndogo kwamba kulikuwa na makosa, na kwamba makosa hayakuwa yake. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kubaki na gauni.

Kesho yake Mounira alimpiga Laura picha, amesimama katikati, nyuma yake ukuta wa kanisa. Hakuweka neno lolote juu yake. Aliituma kila mahali, na jina la kijiji. Hakuna aliyepiga simu kuulizia mtoto huyo, wala wiki ile wala mwezi uliofuata.

Sidonie hakurudi Kasongo. Alisema akiwa Kabambare yuko karibu, watu wanapotoka msituni hupitia pale. Mounira alimwachia simu yake ndogo, akampa na ile picha ya gauni la manjano, iliyochapwa, na jina juu ya uso, kwa kuwa Sidonie mwenyewe aliiomba. Alisema angalau mikono ni yake. Walipoagana, Mounira alitaka kuomba msamaha kwa mara nyingine, Sidonie akamzuia kwa kumrekebishia mtandio.

Simu za studio hazikukoma. Waliompigia walikuwa watu wema. Mmoja alikuwa amemwona yule binti huko Kindu, akiuza ndizi. Mwingine alimwona ziwani, Kalemie. Mwingine alisema alimzika. Kila mmoja alikuwa na hakika, kwa sababu uso ule ulifanana na watoto wengi. Mounira alimjibu kila mmoja, akaandika mahali na siku, akampigia Sidonie kumwambia, na Sidonie kila mara aliuliza habari za jicho.

Mwezi wa sita simu ya Sidonie haikupatikana tena. Dereva mmoja wa pikipiki alileta habari kwamba alionekana akiwafuata kwa miguu wachimbaji waliokuwa wakirudi Salamabila, kwa sababu alisikia kuna watoto wanaofanya kazi kule machimboni, ya kuosha mchanga wa dhahabu. Mama Julienne aliambiwa aulizie, akaulizia, hakupata jibu. Laura alikuwa bado kwake.

Shule zilipofunga, Mounira hakwenda Kabambare. Njia ilikuwa imefungwa na wanajeshi. Alifungua studio kama kawaida, akafagia, akanyoosha pazia la bluu. Saa nne akaingia mama mmoja wa sokoni na mtoto mgongoni, akataka picha ya siku arobaini. Mounira akamwonyesha kiti.